Somo wa Sikujua

Mtoto aliamka akicheka.

Macho yalikuwa bado yamefumbwa na mrija mwembamba bado umebandikwa shingoni, lakini kicheko kilimtoka hivyo hivyo, kidogo kidogo, kama maji yanayoanza kufika bombani baada ya mgao. Mwasiti, mama yake, aliinuka kwenye kiti. Alikuwa fundi wa mamlaka ya maji kwa miaka kumi na minne, na kazi hiyo ilimfundisha kusikiliza kabla ya kushika. Akasikiliza.

"Mama," mtoto akasema. "Baba alikuwa anaficha maganda ya machungwa chini ya mkeka. Bibi akikaa, anayasikia yanavunjika, kra, kra. Baba anasema ni panya."

Mwasiti akabaki amesimama.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Kondo, alianguka kutoka juu ya nguzo ya umeme akafa, wakati yeye bado anatambaa. Hakuna aliyewahi kumsimulia habari ya maganda. Hata Mwasiti, aliyeishi na mwanamume huyo miaka sita, hakuwahi kuisikia.

Kwenye kitanda cha pili, hatua mbili kutoka hapo, alilala mama yake Kondo. Aliitwa Sikujua, kwa sababu mama yake mzazi alibeba mimba miezi saba akidhani ni gesi. Mtoto alipewa jina hilo hilo. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na Sikujua wawili, mkubwa na mdogo, na waliitana somo, kama watu wa jina moja wanavyoitana.

Katikati ya vitanda vyao lilisimama daraja. Ndivyo lilivyoitwa: kioo kirefu kama chupa iliyolazwa, damu ya bibi ikipita upande mmoja na ya mtoto upande mwingine, zikitenganishwa na utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Paa lilikuwa la kioo pia, na juu yake iliinama migomba ya mlimani, hivyo mwanga ulishuka ukiwa wa kijani na wa polepole. Chini ya sakafu ulipita mkondo wa mto uliochepushwa ili kupoza mitambo. Ulinong'ona mchana kutwa. Vitanda arobaini, watu wamelala wawili wawili saa tano asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyekoroma.

Kwenye vibao vya barabarani paliandikwa Kituo Kikuu cha Utafiti na Tiba ya Saratani. Watu wa Morogoro walipaita Ukunguni, kwa sababu ukungu wa milima ulilala hapo kama vile nao umelazwa.

Bibi akafumbua macho.

"Shikamoo mama," Mwasiti alisema. "Umeamkaje?"

"Marahaba. Kichwa chepesi. Hicho kiti chako kinalia, kakitafutie mafuta."

"Mama, Kondo alipokuwa mdogo alikuwa anaficha maganda ya machungwa chini ya mkeka?"

Bibi alifikiri. Huyu alikuwa mwanamke anayekumbuka nani alibeba sufuria gani kwenye harusi ya nani, na kama aliirudisha.

"Maganda?" akasema. "Hilo silijui. Nani kakwambia?"

*

Daktari Ludovick Mbena alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea penye waliolala. Hata ofisini kwake, mlango umefungwa, alinong'ona. Alimwonyesha Mwasiti picha za shingo ya mtoto. Siku ya kwanza tezi ilikuwa kama limau. Sasa, baada ya usingizi wa tatu, ilikuwa kama zambarau.

"Zimebaki usingizi nne kati ya saba," alisema. "Mtoto anafundishika."

"Nieleze kama unavyomweleza fundi," Mwasiti alisema. "Wanafundishanaje?"

"Saratani inajua kuvaa, mama. Inavaa sura ya mwili wenyewe. Askari wa mwili wakipita wanasema, huyu wa nyumbani, mwacheni. Bibi yake aliugua saratani hii hii miaka thelathini iliyopita, akapona kwa zile dawa kali za zamani. Askari wake wanaijua ile sura. Wakilala pamoja, askari wa bibi wanawafundisha wa mtoto. Ndiyo maana yule anayefundisha tunamwita somo."

Mwasiti alilisikia neno hilo, somo, likibadilika maana. Hakuonyesha.

"Na maganda ya machungwa?"

Daktari alivua miwani. "Ameshaanza kuota? Mapema. Ndiyo, kinga na ubongo vinazungumza, hatukujua vinazungumza kiasi gani. Aliyoyaishi somo yanamfikia mgonjwa kama ndoto. Tunaita mhamo. Na hatuchagui kipi kihame. Kwa kawaida kinakwenda kile ambacho mgonjwa mwenyewe anakitafuta."

"Yanamfikia huku. Na kule yanabaki?"

Daktari alimtazama kwa mshangao, na Mwasiti hakuhitaji jibu. Tangi likijaa na hakuna chanzo kipya, maji yametoka tangi lingine. Hilo halihitaji shule.

"Lakini kila somo huelezwa haya yote," daktari alinong'ona. "Mara tatu, kabla hawajalala."

Mwasiti aliiona tena ile siku ya mapokezi. Kishikwambi mkononi, mtoto amemlalia begani akiwa na homa, na swali kwenye kioo: *Somo wa mgonjwa ni nani?* Kati ya maswali yote, hilo ndilo lililokuwa rahisi. Aliandika: Sikujua Kobelo, bibi yake. Alidhani ni mambo ya ndugu, kama wanavyouliza jina la balozi wa mtaa. Mashine ikatafuta jina, ikakuta faili la miaka thelathini, ikafurahi.

Na bibi mwenyewe aliitwa dirishani.

"Bibi, wewe ndiye somo wa huyu mtoto?" msichana wa mapokezi aliuliza.

"Ndiye mimi. Tangu siku aliyozaliwa."

"Na kazi ya somo umeshaelezwa?"

"Wewe binti, na hizo kope zako za kubandika, ndiye utakayenifundisha mimi kazi ya somo?"

Watu kwenye foleni walicheka. Bibi akaweka dole gumba. Walipomlaza kitandani alisema anakwenda kumtolea damu mjukuu wake, na alijivunia kwamba sindano haikumuumiza.

"Dole gumba lake hili hapa," daktari alikuwa akisema, akigusa kioo. "Limethibitisha ameelezwa. Au sivyo? Niambie, mama, maana kama hakuelezwa sheria yetu ni moja. Tunasimamisha, tunamweleza, anakubali au anakataa mwenyewe. Akikataa, tunatafuta somo mwingine."

"Inachukua muda gani?"

"Miezi. Na saratani iliyoshambuliwa nusu hubadili nguo. Ikirudi hivyo, hatuiwezi."

Nyumbani kwa bibi, nyuma ya mlango, lilining'inia shati la buluu la Kondo. Miaka minane. Mwasiti aliwahi kulifua mara moja, kwa nia njema, na bibi hakusema naye wiki tatu, kwa sababu aliiosha harufu. Mwanamke huyo, akiambiwa atoe alichobakiza cha mwanawe, angekubali? Labda. Mwasiti aliligeuza hilo neno kichwani kama sarafu isiyo na upande wa pili. Labda. Mtoto mwenye tezi shingoni hapelekwi nyumbani na labda.

"Alielezwa," alisema.

*

Usingizi wa nne ulipita, na wa tano. Siku zilikuwa na rangi moja. Ukungu ulipanda korongoni asubuhi, ukaegemea kwenye vioo, na watu walipita kwenye ukumbi kwa viatu vya sufu kama wanaotembea ndani ya maziwa. Mwasiti hakujua tena leo ni siku gani. Alijua tu ni usingizi wa ngapi.

Na kila mtoto alipoamka, Kondo alikuja.

Alikuja akiwa na miaka saba, kaptula imechanika nyuma, amebeba kuku aliyemwokota njiani na kuapa kwamba kuku ndiye aliyemfuata. Alikuja akiwa na kumi na miwili, amelala kwenye paa la jiko ili asikie mvua kabla ya watu wengine. Mtoto alisimulia akiwa bado nusu ndotoni, mikono yake ikichora hewani, na wakati mwingine alisema "mwanangu" badala ya "baba", asigundue.

"Akifika mtoni anapiga mluzi," alisema siku ya tano. "Mrefu mmoja, mfupi mmoja. Bibi akiusikia, anapakua. Baba akifika mlangoni, ugali bado unatoa moshi. Kila siku hivyo. Hakuwahi kula ugali uliopoa."

Alijaribu kuupiga ule mluzi. Meno ya mbele mawili yalikuwa yamedondoka, mengine hayajaota, ikatoka pumzi tupu. Wakacheka wote wawili.

"Na mengine?" Mwasiti aliuliza.

Alijisikia akiuliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayesogeza sahani aongezwe. Alikuwa amemlilia mwanamume yule miaka minane, na sasa alikuwa anapewa utoto wake wote, mbichi, mchana kweupe, na alijua vizuri sana unatoka wapi, na aliendelea kusogeza sahani.

Tezi ikawa kama punje ya hindi.

Baada ya usingizi wa sita, jioni, alimpelekea bibi chakula barazani. Jiko la Ukunguni lilipikia watu mia nne, na ndugu waliruhusiwa kujipikia kwenye jiko dogo la pembeni. Mwasiti alikuwa amesonga ugali haraka haraka. Haukuiva. Aliuona mwenyewe, una mabonge. Alitega mgongo kusubiri maneno, maana kwa miaka kumi na tano bibi hakuwahi kuuacha ugali wake upite hivi hivi. Aliwahi kuuita tofali. Aliwahi kuuliza mbele ya wageni kama nyumbani kwao Mwasiti mwiko ulikuwa wa kupigia mbwa.

Bibi alimega tonge, akatafuna, akameza.

"Asante, mwanangu," alisema kwa upole. "Mungu aibariki mikono yako."

Mwasiti hakujua atazame wapi.

"Una moyo," bibi aliendelea. "Tangu nimefika hapa unanihudumia, na unaniita mama. Naona haya kukuuliza. Wewe ni wa kwa nani?"

Ndipo Mwasiti alipoelewa. Huyu hakuwa na mkwe tena, kwa sababu hakuwa na mwana wa kumletea mkwe. Ugomvi wote wa miaka kumi na tano ulikuwa umesimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo ameondolewa, na kilichobaki ni adabu. Adabu ile ilimuuma kuliko lile tofali.

*

Saa moja asubuhi, saa moja kabla ya usingizi wa saba, alimkuta bibi barazani, amejifunika khanga, anatazama weupe uliojaa mahali palipopaswa kuwa na bonde.

"Nina neno, mama."

"Sema, mwanangu."

Alisema kama anavyotoa taarifa ya bomba lililopasuka: wapi, tangu lini, kiasi gani kimepotea. Ulikuwa na mtoto mmoja, Kondo. Nilikuwa mke wake. Alikufa. Mkilala na mjukuu wako, unayoyakumbuka ya Kondo yanahamia kwake. Yeye anapona, wewe unapungua. Nilikuandika kwa makosa, kwa sababu ya neno. Hukuelezwa. Kisha nikaelezwa mimi, nikakuficha.

Mahali fulani ndani ya ukungu maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati.

"Unaficha tangu lini?"

"Tangu usingizi wa tatu. Mama, nilipojaza ile fomu, naapa, sikujua..."

"Sikujua ni mimi," bibi akasema. "Wewe ulijua."

Mwasiti aliinamisha kichwa.

"Ulidhani nitakataa?"

"Niliogopa neno labda."

"Huyo... umesema nani?"

"Kondo."

"Ungeniuliza wakati nina Kondo wangu. Ningekutukana. Ningelia, ningeipigia kelele nyumba hii mpaka walinzi waje. Halafu ningelala pale pale kitandani na kumpa mjukuu wangu, mimi, kwa mkono wangu, nikijua natoa nini." Hakupandisha sauti. "Sasa unakuja kuniomba nikubali kutoa kitu nisichokifahamu. Kama mtu anayeombwa ruhusa ya shamba lililokwisha vunwa. Hiyo nayo ni kutoa?"

"Si kutoa," Mwasiti alisema. "Nimekuibia."

"Eeh. Sema hivyo hivyo."

Baadaye bibi alisema, "Limebaki shati. La buluu. Nikifumba macho naliona nyuma ya mlango. Halina mtu ndani, lakini sitaki mtu aliguse. Kumbe ni la kwake?"

"La kwake."

"Na hilo nalo litakwenda leo?"

"Nafikiri, mama. Mtoto anamtafuta baba yake. Daktari anasema bila wa saba, hizo sita zote ni bure."

Bibi alishika ukingo wa khanga yake, akaukunja, akaukunjua.

"Nisamehe, mama," Mwasiti alisema.

"Usiniombe leo. Leo nina hasira, na hasira hii ni haki yangu, niache nayo. Niombe nikishaamka. Tuone kama nitajua unaomba nini." Akageukia mlangoni na kuita kwa sauti iliyomtoa muuguzi, Sista Perpetua, mbio kutoka kwenye meza yake ya zamu. "Wewe sista! Niletee huyo daktari anayenong'ona. Mwambie aje anifundishe kazi ya somo."

Daktari alikuja, uso umemshuka. Alimweleza mara tatu, kama sheria inavyotaka. Mara ya kwanza bibi alimwambia aongeze sauti. Mara ya pili aliuliza kama mtoto atayatunza. Daktari alisema hajui, watoto husahau. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Aliomba kikombe cha maji, akanywa, akafuta dole gumba kwenye khanga na kuliweka juu ya kioo, akalibana pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akaenda kitandani. Alipopita kwenye kitanda cha mtoto alimpiga kikofi kidogo cha mguuni.

"Somo. Kuna shati linakuja. Ulishike vizuri."

*

Siku ya kuondoka, jua lilipasua ukungu kwa mara ya kwanza, na jiko dogo la pembeni likajaa mwanga mweupe. Shingo ya mtoto ilikuwa shingo tu. Mwasiti aliipapasa mara ishirini asubuhi hiyo mpaka mtoto akamwambia, "Mama, unanichosha."

Walikaa watatu mezani. Ugali ulikuwa ndani ya sufuria umefunikwa, mchicha pembeni. Bibi alitazama nje kwa utulivu wa mgeni aliyekaribishwa vizuri.

"Mama," Mwasiti alisema. "Uliniambia nikuombe ukishaamka. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Umenikosea nini wewe?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia. Ilikuwa pana, na hakuna aliyeilinda. Angesema si kitu, mama, tule. Wangerudi nyumbani. Lile shati angelitoa nyuma ya mlango mwenyewe, na hakuna ambaye angeuliza.

"Ulikuwa na mtoto wa kiume," alisema. "Nikakuibia."

"Unaanza vibaya," mtoto akadakia. "Anza na maganda."

Akaanza na maganda. Akaenda kwa kuku aliyefuata, na paa la jiko, na mvua. Pale alipokosea mtoto alimsahihisha. Kisha alisimulia fomu, na neno, na ofisi ya daktari, na jinsi alivyosema *alielezwa*. Hakupunguza kitu. Bibi alisikiliza kwa huruma, kichwa upande, kama mtu anayesikia habari za msiba wa mtaa wa pili.

"Maskini," alisema mwishoni. "Na mama yake huyo kijana yuko wapi sasa?"

Mwasiti alisogeza sufuria katikati ya meza.

Mtoto alikuwa anachezea pengo lake kwa ulimi. Jino jipya lilikuwa limechomoza wiki hiyo, kidogo tu, kama punje ya mchele. Aliuweka ulimi nyuma yake, akavuta pumzi, na safari hii mluzi ukatoka. Mrefu mmoja. Mfupi mmoja.

Mkono wa bibi uliondoka mezani. Haukuonekana kumuuliza mwenyewe. Ulifunua sufuria, ukashika mwiko, ukabaki hewani, na moshi wa ugali ukapanda ukampita usoni. Alikuwa ametazama mlango.

"Pakua," alisema.

"Nani anakuja, mama?"

"Mimi nitajuaje? Wewe pakua, ukipoa huu hauliki." Akachungulia ndani ya sufuria, na uso wake wote ukakunjamana. "Mabonge gani haya, Mwasiti? Hivi nyumbani kwenu mnasonga kwa fimbo?"

"Nisamehe, mama," Mwasiti alisema, akapokea mwiko, akaenda kuchukua sahani ya nne.